Pima karatasi kabla ya kugusa kikwembe

Wadogo zangu mnaoanza kushona hapa Bukavu, patroni za kununua, yaani michoro ya karatasi ya kukatia nguo, ni nzuri, nami nazitumia hadi leo. Ila kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipoacha kuchora kwa vipimo vya mteja, kama tulivyofundishwa atelie, kwenye karakana ya ushonaji, nikaanza kupakua patroni kwenye simu: namba iliyoandikwa juu ya patroni haimjui mteja wako.

Mama mmoja aliniletea kikwembe, yaani kitenge, cha yadi 6, cha harusi ya binti yake. Nyonga yake sm 100. Patroni ilitoka Marekani, na nguo ikiisha ilipaswa kuwa na sm 104 kwenye nyonga. Hesabu ilikuwa sawa. Nikapeleka ichapishwe, nikaunganisha kurasa kwa gundi usiku kucha, nikakata. Nguo ikatoka sm 101. Akiwa amesimama ilimkaa vizuri. Alipoketi, mshono wa nyuma ukaachia. Bado naumia nikikumbuka uso wake.

Sababu niliijua baadaye. Karatasi yetu ya A4 ina upana wa mm 210, ya Wamarekani mm 216. Mashine, ili mchoro wote uingie, iliupunguza kama asilimia 3. Kwa barua asilimia 3 si kitu. Kwa gauni ni ile nafasi yote ya kuketi.

Kwa hiyo tafuteni kisanduku cha kupimia kwenye patroni, mara nyingi sm 10 kwa sm 10. Chapisha ukurasa huo peke yake, weka rula. Kikiwa 9.7, mwambie kijana wa mashine arudishe kwenye asilimia 100, wala usimwonee haya.

Kisha pima karatasi yenyewe. Chukua kipande cha mbele na cha nyuma, pima kifua, kiuno na nyonga. Toa nafasi ya mishono, toa pensi (vile vibano vinavyoshonwa ili nguo ifuate mwili), na kipande kinachokatwa juu ya ukunjo ukihesabu mara mbili. Jumla hiyo ndiyo nguo itakayotoka. Ilinganishe na mwili wa mteja. Namba iache. Patroni ya Marekani ya 14 imechorwa kwa kifua cha sm 92, na mwanamke huyohuyo dukani huvaa namba ndogo zaidi.

Nafasi ya mshono nayo imenitoa jasho. Patroni za bahasha za Marekani kwa kawaida zina sm 1.5 ndani yake tayari. Zile za gazeti la Burda, la Ujerumani, kwa desturi hazina: unanakili mstari wako katikati ya mistari mingi iliyopishana, halafu unaongeza mwenyewe. Ukisahau kwenye gauni la vipande sita, ni kingo 12, kila moja inakula sm 1.5. Umepoteza sm 18. Gauni hilo labda avae mtoto wake.

Maelezo ya kushona yakikuchanganya, fuata mpangilio uliofundishwa na fundi wako. Mimi huyasoma mara moja tu, kujua zipu inakaa wapi.

Mikono ndiyo inayotaka uvumilivu. Patroni nyingi huchora kichwa cha mkono, ule upinde wa juu unaoshonwa begani, kirefu kuliko tundu la kwapa, kwa sm 3 hata 4, kwa sababu kitambaa cha sufu hukubali kubanwa kwa pasi yenye mvuke. Waksi, kitambaa cha vikwembe vyetu, haikubali. Ni pamba ngumu, itakufanyia mikunjo begani hata ukipiga pasi hadi mkaa uishe. Punguza kichwa hicho kwenye karatasi, ubaki na ziada ya sm 1 au 2, kabla ya kukata.

Na usikate kikwembe cha mtu kwa patroni ambayo hujawahi kuishona. Nunua shuka kuukuu sokoni Kadutu, au amerikani, ushone kifua na mkono mmoja tu kwa mishono mirefu, umvalishe mteja, umwambie aketi, ainue mikono kama anayebeba mtoto mgongoni. Ukiona inavuta, usiifumue peke yako nyumbani. Ilete kwa fundi wako na pini zake zote, kwa sababu mikunjo ile ndiyo itamwonyesha pa kuongeza.