Uombe kuruka au ubaki: barua kwa mwanangu anayeanza kalkulasi

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeupata, na nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu utanikatiza kabla sijamaliza. Unasema chuo kimekupangia Prikalkulasi muhula huu, yaani kozi ya kukuandaa kwa Kalkulasi, wenzako uliomaliza nao shule wamepangiwa Kalkulasi moja kwa moja, na wewe unaona unapotezewa muda kurudia logarithimu na sini na kosini ulizokwisha kufanyia mtihani ukafaulu. Unauliza: uende idarani ukaombe kuruka?

Usiende bado. Jipime kwanza, na namna ya kujipima nitakupa huko chini. Ila kabla ya hapo nataka ujue unajipima nini, kwa sababu naona umelielewa jambo hili kinyume. Wewe unahesabu mada: hii nimesoma, hii nimesoma. Mada umezisoma kweli, sibishi.

Nimesahihisha karatasi za kalkulasi miaka mingi, na ningeambiwa nitaje kinachowaangusha wanafunzi humo, nisingetaja kalkulasi. Wazo lenyewe wengi hulishika mapema. Wanaangushwa na mabano. Wanaangushwa na kutoa sehemu zenye asili tofauti, na alama ya kutoa iliyosimama mbele ya mabano halafu ikagusa namba ya kwanza tu. Mtu anaandika kwamba √(x² + 9) ni x + 3, kisha anaendelea ukurasa mzima kwa bidii na kwa mwandiko mzuri, na baada ya hapo hakuna hata mstari mmoja unaofaa. Weka 4 mahali pa x uone: kipeuo cha pili cha 25 ni 5, wala si 7. Mwanafunzi huyohuyo ukimwuliza hivyo anashtuka na kucheka. Kwenye mtihani hayupo wa kumwuliza.

Ngoja nikuonyeshe kwa mfano mmoja, tena chukua kalamu tufanye pamoja. Fanksheni, yaani kanuni inayopokea namba na kutoa namba, ni f(x) = 1/x, na tunatafuta derivativi yake kutoka mwanzo, bila kanuni ya mkato. Derivativi ni kasi ambayo fanksheni inabadilika pale ulipo. Unasogea hatua ndogo, tuiite h. Unaangalia f imebadilika kiasi gani. Unagawanya badiliko hilo kwa h. Kisha unauliza jibu linaelekea wapi h inapozidi kukaribia sifuri. Wazo ni hilo tu, na nina hakika umelielewa kwa kusoma mara moja.

Sasa lifanyie kazi. Badiliko ni f(x + h) − f(x), yaani 1/(x + h) − 1/x. Hapa tayari wapo wanaoandika 1/x + h, kwa sababu hawajazoea kwamba x + h inaingia nzimanzima mahali pa x. Waliovuka wanatakiwa kutafuta asili ya pamoja, ambayo ni x(x + h), na juu kunabaki x − (x + h). Ukiyaacha mabano hayo utaandika x − x + h, utapata h, na jibu lako la mwisho litatoka chanya. Ukiyaweka utapata −h. Basi badiliko zima ni −h/(x(x + h)). Gawanya kwa h: ya juu na ya chini zinakatana, kunabaki −1/(x(x + h)). Na hapa, hapa tu, ndipo kalkulasi inapoingia: h ikielekea sifuri, x + h inaelekea x, na jibu ni −1/x².

Angalia ulichoandika. Mstari wa mwisho ndio wa kalkulasi. Yote yaliyotangulia ni aljebra ya sekondari. Na kama una mazoea ya kuchora grafu, ungeweza kumkamata yule aliyepata jibu chanya bila kurudia hesabu yake: grafu ya 1/x inashuka kila unapoelekea kulia, upande wa namba chanya na upande wa namba hasi pia, kwa hiyo kasi yake ya kubadilika haiwezi kuwa chanya. Kuliona hilo kwa jicho ni kazi ya Prikalkulasi. Hakuna mtu atakayekufundisha ndani ya Kalkulasi. Mhadhiri atachora kwa sekunde chache ubaoni na kusonga mbele.

Dereva anayeinama kutafuta gia hawezi kuangalia barabara. Ukiwa kwenye kipindi cha kalkulasi huku akili yako yote imeenda kwenye kukumbuka sehemu zinajumlishwaje, lile wazo jipya linapita pembeni yako. Utarudi bwenini ukisema kalkulasi ni ngumu, na utakuwa umeisingizia.

Jingine ni fanksheni ndani ya fanksheni. Huko mbele kuna kitu kinaitwa kanuni ya mnyororo, na kila mwaka kinaliza watu. Kanuni yenyewe ni fupi: tafuta derivativi ya fanksheni ya nje ukiiacha ya ndani kama ilivyo, kisha zidisha kwa derivativi ya ile ya ndani. Tatizo ni kujua ipi ya nje na ipi ya ndani. Katika sin(x²), unapandisha x kipeo cha pili kwanza, halafu unatafuta sini. Katika sin²x, unatafuta sini kwanza, halafu unapandisha. Kwa macho zinafanana, ila derivativi ya kwanza ni 2x·cos(x²) na ya pili ni 2 sin x cos x. Ukisoma f(g(x)) huku ukijua mkono unaanzia wapi na kuishia wapi, kanuni ya mnyororo utaimaliza jioni moja. Usipojua, utaikariri, na itakusaliti swali likibadilishwa kidogo.

Umesema sini na kosini unazijua. Unazijua kwa nyuzi au kwa radiani, kile kipimo cha pembe ambacho mzunguko mzima wa duara ni 2π? Nauliza kwa sababu. Derivativi ya sini ni kosini pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Chukua kikokotoo ukiweke kwenye radiani, utafute sini ya 0.1: utapata karibu 0.0998. Tafuta ya 0.01: unapata karibu 0.01 kamili. Pembe ikiwa ndogo, sini yake ni karibu sawa na pembe yenyewe, na juu ya jambo hilo moja imejengwa kalkulasi yote ya sini na kosini. Sasa geuza kikokotoo kwenda nyuzi, utafute sini ya nyuzi 1. Unapata karibu 0.01745, ambayo ni karibu sawa na π/180. Kigawo hicho kingekufuata kwenye kila derivativi kama ungeng'ang'ania nyuzi. Radiani zipo ili kukuondolea mzigo huo, na duara lile la kizio kimoja (lenye nusu kipenyo cha 1) wanalokuchoresha hadi unalichukia ndilo linalokuzoeza kufikiri kwa radiani bila kutafsiri kichwani.

Kuna suala la kikomo, yaani ile namba ambayo jibu linaielekea h ikikaribia sifuri, na hapa nataka ukae kwa utulivu. Vitabu vingi vya kalkulasi hufungua na vikomo, tena kwa maneno mazito, na mwanafunzi anadhani kwa kuwa sura ya kwanza haimwingii basi yote yamemshinda. Historia haikwenda kwa mpangilio huo. Newton alikuwa na kalkulasi yake tangu miaka ya 1660. Leibniz alichapisha ya kwake mwaka 1684. Watu wakaitumia, ikawapa majibu sahihi, na bado hakuna aliyeweza kueleza vizuri ile h ni kitu gani. Mwaka 1734 askofu mmoja wa Ireland, George Berkeley, akawabana hadharani: mnagawanya kwa h kana kwamba si sifuri, mkishamaliza mnaitupa kana kwamba ni sifuri, mnashika lipi? Swali lilikuwa la haki kabisa. Majibu ya kuridhisha yalianza kupatikana kwa mwanahisabati Mfaransa, Cauchy, mwaka 1821, na Mjerumani Weierstrass akayakaza zaidi baadaye katika karne hiyohiyo. Kwa hiyo kati ya chapisho la Leibniz na kitabu cha Cauchy ilipita zaidi ya miaka 130, na wakati wote huo wanahisabati wakubwa walikuwa wakipiga kazi juu ya msingi wenye ukungu. Wewe ukikaa na ukungu huo wiki chache hujakosa kitu.

Ukitaka kuuondoa, tumia namba. Chukua x², simama kwenye 3. Ukisogea 0.1, badiliko ukiligawanya kwa hatua unapata 6.1. Ukisogea 0.01, 6.01. Ukisogea 0.001, 6.001. Hukuifanya h kuwa sifuri hata mara moja, ila unaona jibu linaelekea wapi. Kwa aljebra badiliko hilo likigawanywa kwa h ni 6 + h, na swali la kikomo ni kwamba 6 + h inakaribia nini. Uthibitisho rasmi wenye epsiloni na delta usikukoseshe usingizi katika kozi ya kwanza, isipokuwa mhadhiri wako akisema atautahini.

Sitaki udhani kila kitu katika Prikalkulasi kina uzito sawa. Ningekaa sana kwenye fanksheni, grafu, sheria za vipeo na logarithimu, na lile duara. Matriksi, kama zimo, zipite upate alama zako. Zitakungoja kwenye kozi nyingine. Ile misururu ya utambulisho wa trigonometria, jua kabisa kwamba sin²x + cos²x = 1 na ujue kuupata mwingine kutoka kwa huo. Ile mirefu zaidi utaihitaji ukifika kwenye integrali, ile sehemu ya kalkulasi inayojumlisha vipande vidogovidogo, na hapo utairudia kwa sababu utaona faida yake. Kugawanya polinomia kwa njia ndefu kunachosha, najua. Nako kutarudi kwenye integrali.

Haya, kipimo. Kaa mahali penye utulivu kwa nusu saa, bila kikokotoo, bila kitabu, simu iwe mbali. Kwanza, andika 1/(x + h)² − 1/x², gawanya yote kwa h, na urahisishe mpaka ile h uliyogawanyia ikatike. Halafu tatua 2·3ˣ = 10, uache jibu kwa logarithimu. Kisha, kama f(x) = √x na g(x) = x² − 4, andika f(g(x)) na g(f(x)), na useme kila moja inakubali x zipi; hapa usiwe na haraka, g(f(x)) ina mtego. Baada ya hapo tafuta pembe zote kati ya 0 na 2π ambazo sini yake ni −1/2. Mwisho chora y = 1/(x − 2) + 1 bila kutafuta nukta mojamoja, kwa kusogeza tu grafu ya 1/x. Majibu sikupi.

Ukiyafanya yote kwa ulaini na muda ukabaki, nenda kaombe kuruka, tena uombe ukiwa umenyoosha shingo, na wakikupa mtihani wa kupangiwa kozi upya uufanye. Ukikwama kwenye la kwanza au lile la pembe, baki. Na kama umeyapata yote lakini nusu saa haikutosha, bado nakushauri ubaki, ingawa najua hili ndilo litakalokuudhi. Kujua polepole kunatosha kwa Prikalkulasi. Kwenye Kalkulasi mwendo huo utakuacha nyuma, kwa kuwa kila swali la mtihani lina aljebra hiyo ndani yake na saa haikusubiri.

Ukibaki, usisome kwa kutazama. Vijana wa sasa mnatazama video ya mtu akitatua, mnaitikia kwa kichwa, mnafunga. Simamisha video baada ya swali kusomwa, fanya mwenyewe hadi mwisho, ndipo umwache aendelee. Na pale unapokosea, tafuta mstari wenyewe ulipopotea. Usifute ukaanza upya.

Kuhusu wenzako, sina la kusema. Hujui wao walipimwaje. Lakini lipo jambo hukuliuliza na lina uzito kuliko aibu ya kuachwa nyuma. Angalia mpangilio wa digrii yako: ni kozi zipi zinazodai Kalkulasi kwanza? Fizikia mara nyingi huwa mojawapo. Ukichelewa muhula mmoja, je, kozi hizo zinafundishwa kila muhula au mara moja kwa mwaka? Kama ni mara moja kwa mwaka, kuchelewa muhula kunaweza kukugharimu mwaka, na hapo hesabu yangu yote inabadilika: tutatafuta namna ya kukunoa kabla muhula haujachanganya, uingie Kalkulasi. Muulize mshauri wako wa masomo, na umwulize pia siku ya mwisho ya kubadilisha kozi ni ipi. Fanya hilo kesho asubuhi, kipimo ukifanye leo usiku, na unitumie picha ya karatasi yako ikiwa na makosa yake yote.

Mama yako