Kikombe cha unga si gramu 250

Juzi msomaji ameniuliza: "Dada, resipi inataka vikombe vitatu vya unga. Kikombe ni 250, kwa hiyo nipime gramu 750?" Nimemjibu palepale asithubutu. Angeweka unga karibu mara mbili ya unaotakiwa, na keki ingetoka kavu, inapukutika, halafu angejilaumu bure.

Hiyo 250 ni mililita, nafasi iliyomo ndani ya kikombe. Ni maji tu ambayo mililita moja ina uzito wa gramu moja. Kikombe cha mililita 240 ukikijaza unga wa ngano uliotifuliwa, mizani itasoma kama gramu 120 hadi 125. Sukari nyeupe ni 200 hivi, siagi inakaribia 230, asali inafika 340. Kikombe ni kilekile.

Jambo hili linanigusa, na nitasema kwa nini. Kwenye darasa la upishi nililosoma tulifundishwa kuchota: unazamisha kikombe kwenye mfuko wa unga, unakigongagonga, unasawazisha kwa kisu. Keki zangu zikawa ngumu, na mwalimu akatangaza mbele ya wenzangu kwamba sina mkono wa keki. Maneno hayo yaliniuma, na mpaka leo yananiuma. Nilinunua mizani ili nijue ukweli. Unga niliouchota kwa namna ile ulisoma gramu 150. Nikautifua unga uleule, nikaujaza kwa kijiko pole pole bila kushindilia, ukasoma 122. Kwa resipi ya vikombe vinne, hiyo ni gramu 112 za ziada, karibu kikombe kizima ambacho hakuna aliyekiandika. Mkono wangu haukuwa na kosa lolote.

Sasa napokea oda za keki za harusi, za ngazi kadhaa, na kila ngazi inachambuka sawa na mwenzake. Wiki iliyopita bibi harusi mmoja alinipigia kunishukuru, na nilifurahi mno. Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza keki, sikiliza: nunua mizani. Kabla ya mapambo na trei za kila umbo, nunua mizani. Weka bakuli juu yake, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina unga. Bonyeza tena, mimina sukari. Vyombo vya kuosha vinapungua pia.

Ukitaka kubadilisha resipi ya vikombe, kwanza angalia imetoka wapi. Kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi, cha Australia ni 250, cha Japani ni 200. Kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20, wakati kwingi ni 15. Halafu usitegemee jedwali la mtu mwingine, hata langu. Pima kikombe cha kila kiungo mara tatu, chukua wastani, uandike kwenye daftari lako. Ukibadilisha aina ya unga au kakao, pima upya.

Mayai nayo yapimwe. Yai la kawaida bila ganda lina gramu 50 hivi, kwa hiyo ukitaka nusu yai, lipige kwanza, kisha mimina gramu 25. Watu wengi hukwama hapo wanapopunguza resipi.

Vijiko vya chai usivitupe. Mizani nyingi za jikoni zinahesabu gramu nzima nzima, na gramu mbili za hamira ukizinyunyiza kidogo kidogo huenda isizione kabisa. Kwa hamira, baking powder na chumvi, sawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu. Ila chumvi iangalie: kijiko cha chumvi laini ni kama gramu 6, na ya mawe makubwa mara nyingi ni pungufu ya hapo. Resipi isiposema ni chumvi gani, tumia laini, anza na kidogo, uonje pale panapoonjeka.