Nilimficha daktari vitenge sita

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, kaka yangu siku ya tano hajalala, anaongea kama redio, nyumbani wanasema kapandisha majini. Tuanzie wapi?" Nimeusoma mara mbili, mikono ikawa mizito.

Mdogo wangu yeye alianza kwa kunyamaza. Duka lake la vipuri vya pikipiki akalifunga, kutwa kajifunika shuka. Baada ya miezi miwili ya kombe na mafusho nikampeleka hospitali. Dakika kumi tu: sonona, dawa za sonona, haya nendeni. Daktari hakuuliza kama amewahi kuchangamka kupita kiasi. Nami sikusema kwamba mwaka uliotangulia alikesha wiki nzima, akakopa, akamnunulia mama friji na mimi vitenge sita. Kwetu ile ilikuwa baraka. Nani anashtaki baraka kwa daktari?

Wiki ya tatu ya dawa akaamka usiku wa manane, akagawa vipuri mtaa mzima, akatangaza anagombea ubunge. Wajomba wakamfunga. Kamba niliileta mimi. Kovu lake bado liko mkononi mwake.

Daktari wa pili alitukalisha saa nzima. Akapima malaria, VVU, kaswende na homoni za tezi ya shingo, akauliza habari za bangi, maana vyote hivyo vinaweza kumvuruga mtu akili. Kisha: "Kabla ya huzuni, alikuwaje?" Nikataja vitenge. Akaweka kalamu chini. Baipola, akasema: ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hadi kuchangamka kupita kiasi, kisha ukamshusha kwenye huzuni nzito. Mwenye ugonjwa huo akipewa dawa za sonona peke yake anaweza kupandishwa hadi akawa kama yule wetu. Akaanzishiwa lithiamu, dawa ya kuzuia huko kupanda na kushuka, na damu hupimwa mara kwa mara, kwani kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno.

Kwa hiyo nyie wenye wagonjwa, andikeni. Analala saa ngapi, pesa anatumiaje, tangu lini. Siku za furaha pia andikeni, hizo hasa! Dua someni, hata mimi nasoma, ila dawa msimkatishe eti kapata nafuu. Na hilo neno "kichaa" liacheni, jamani.

Wewe uliyeniandikia, usingoje kesho. Mpelekeni leo hii, mchukue na orodha ya dawa zozote anazomeza. Kadi ya benki na funguo za pikipiki wekeni mbali naye. Kamba iacheni nyumbani.

Wetu kafungua duka tena mwezi uliopita. Vile vitenge mpaka leo sijashona hata kimoja.