Miksa ya mtumba yenye efekti: kabla ya kutafuta eko, angalia stima kwanza

Ndugu, umesema kanisa lenu hapo Kakamega limenunua miksa (mashine ya kuchanganya sauti) ya mtumba ya chaneli 12 yenye efekti ndani, yaani eko na zinazofanana nayo, ukiiwasha spika zinapiga "duf" mpaka watoto wanashtuka, na ukifungua eko maiki zinaanza kulia. Nimefanya kazi ya vyombo hapa Kisumu miaka mingi, harusi, matanga, krusedi, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu juu hayo mambo yote mawili yameshanila pesa.

Kabla hujaichomeka tena, geuza hiyo miksa usome mgongoni. Hapa kwetu stima ni 240V, 50Hz. Ukiona imeandikwa 100-240V uko sawa, ukiona 120V peke yake basi hiyo ilitoka soko la Marekani na ukiipeleka moja kwa moja kwa soketi ya ukuta utasikia harufu kabla hata hujashika feda, ile ya kuteleza ya kupandisha na kushusha sauti. Zingine ziko na kaswichi kadogo ka 115 na 230, hakikisha kako 230. Na kama yako inatumia adapta ya nje, usitoe adapta yoyote kwa droo ati juu tundu limeingia. Angalia alama: kale kawimbi ~ ni AC, ule mstari wenye vidoti chini yake ni DC. Kuna miksa ndogo na mashine za efekti zinazotaka AC. Mimi niliwahi kuwa na mashine ya rivabu (mwangwi kama wa ukumbi) ya 9V AC, adapta ikapotea kwa matanga, nikanunua ingine barabarani ya 9V, pini ile ile, volti zile zile, ikaingia vizuri kabisa. Ilikuwa DC. Mashine haikuwaka tena mpaka leo.

Sasa hiyo "duf". Miksa ikipata stima, saketi zake zinatoa kishindo kwa sekunde moja hivi kabla hazijatulia, na kama amplifaya tayari iko wazi inakichukua inakikuza inakirusha kwa spika. Kwa hivyo miksa na mashine zote za efekti zinawaka kwanza, master (feda ya sauti yote) iko chini, ngoja kama sekunde kumi, halafu amplifaya au zile spika zenye amplifaya ndani ndiyo ziwake mwisho kabisa. Kuzima ni kinyume, amplifaya inazimwa kwanza. Kuna harusi moja huko Ahero tulimaliza usiku nimechoka nikachomoa ekstenshen ya miksa amplifaya bado inawaka, nikasikia "pap", na honi moja, ile spika ya sauti nyembamba, ikanyamaza. Nilipeleka kwa fundi pale Kibuye, akaifungua akanionyesha koili, waya mwembamba kama unywele, umekatika mahali pamoja na hapo pamegeuka rangi ya kahawa. Mahali penyewe ni padogo kuliko chembe ya mchele na spika nzima haifanyi kazi.

Kile kitufe cha 48V, kinachopeleka stima kwa maiki kupitia kebo, pia kinapiga kishindo, kwa hivyo funga chaneli kabla ya kukibonyeza, na kama hamna maiki za kondensa au DI (visanduku vya kuunganisha kinanda au gitaa kwa miksa) zinazokihitaji wacha tu kimezimwa.

Stima ikipotea katikati ya ibada, kitu cha kwanza mkono wako uende kwa swichi ya amplifaya. Usingoje, juu ikirudi inarudi kwa mshtuko na kila kitu kinawaka pamoja. Jenereta ni vivyo hivyo, iwashe peke yake, iache itulie, ndio uanze kuchomeka, na msiiache iishe mafuta ikiwa na mzigo juu ile kukohoa ya mwisho volti zinapanda na kushuka ovyo. Tafuteni stabilaiza nzuri. Na mvua zetu za jioni za huku magharibi mnazijua, radi ikianza kukaribia, toa plagi kwa ukuta, kuzima swichi pekee hakutoshi.

Kitu kimoja naomba unisikize sana. Spika zikiwa na mvumo, kuna watu watakuambia ukate ule waya wa arthi kwa plagi na mvumo utaisha. Ni kweli saa zingine unaisha, na ndio maana huo mchezo ni hatari, juu hapo unatoa kitu kikubwa kinacholinda mtu. Nimeona mpiga gitaa amegusa maiki na mdomo akiwa ameshika nyuzi, akarushwa nyuma mpaka kwa ngoma. Alipona, lakini mdomo ulibaki na alama nyeupe. Chukueni stima ya jukwaa na ya miksa kutoka soketi moja yenye arthi, na kama mvumo bado uko, weka DI kwa kinanda au gitaa ubonyeze ile swichi yake ya kuinua arthi. Hiyo inakata arthi ya kebo ya sauti peke yake, ya stima inabaki.

Haya, efekti. Ile nobu ya FX (yaani efekti) kwa kila chaneli inatuma nakala ya sauti kwa mashine ya efekti, halafu efekti inarudi kwa feda yake yenyewe, FX return. Shusha hiyo feda mpaka chini, chagua programu, fungua nobu ya FX ya mwimbaji mpaka katikati, mwambie aimbe, ndio upandishe return polepole. Ukianza kuisikia wazi, rudisha nyuma kidogo. Taa ya peak ya FX, ile ya kuonya kwamba sauti imezidi, isiwake. Maiki zako zinalia nadhani juu mmefungua efekti kwa monita (spika zinazowaelekea waimbaji), sauti inatoka kwa monita inaingia maiki inarudi kwa efekti inatoka tena. Zifunge huko kabisa. Na kama umeingiza return kwa chaneli ya kawaida, nobu ya FX ya hiyo chaneli ikae sufuri, la sivyo efekti inajilisha yenyewe mpaka inapiga mayowe.

Kanisa la mabati na kuta za simiti tayari liko na rivabu yake, kwa hivyo kwa programu za rivabu chukua plate fupi, sekunde moja au moja na nusu, wacha zile hall ndefu za kuiga ukumbi mkubwa. Bonyeza pia low cut, kitufe cha kukata sauti nzito za chini, kwa maiki za waimbaji. Ukitaka delay (eko inayorudia sauti baada ya muda) ifuate wimbo, gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo, yaani wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unapata 500 ms, wa 100 unapata 600.

Halafu mtu akianza kuongea, zima FX. Kila mara. Wasemaji wengi wanapenda eko juu inawapa sauti kubwa kichwani, na mimi nilikuwa nawapa tu. Mpaka siku moja matangani huko upande wa Yala, baada ya matangazo mama mmoja mzee alitoka nyuma ya hema na fimbo yake akaja mpaka kwa meza yangu akaniuliza, "Mwanangu, wamesema tunamzika saa ngapi?" Alikuwa dadake marehemu. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi na hakuwa ameshika hata neno moja. Tangu hiyo siku kidole changu kinakaa kwa mute ya FX.

Piga picha ya mgongo wa miksa, pale penye volti, uiweke hapa kabla ya Jumapili. Usiiwashe bado.