Kiwavi akikuuliza "Wewe nani?", usimjibu jina la baba

Msomaji wa Wete ameniandikia wiki hii: kitabu cha Alisi, mtoto wa kike anayeota yumo nchi ya ajabu, kakisoma mara mbili na hakujiona humo hata chembe. Kosa si lake. Tunakisoma kama ngano ya paukwa, tukingojea mwisho, na mwisho wenyewe ni mtoto kuamka usingizini.

Nakala kwanza. Lewis Carroll alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1865. Kwa Kiswahili kuna tafsiri ya 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, na ya 2015 ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Chukua hii ya pili. Sura ni 12. Soma moja kwa usiku, baada ya Isha, simu ikiwa chumba kingine, daftari la skuli na kalamu ya risasi pembeni. Ukisoma tatu kwa mkupuo utakumbuka vituko na kusahau maswali.

Katika sura ya 2 Alisi anahofu kuwa amegeuka mtoto mwengine. Anajipima kwa masomo: 4 mara 5 anapata 12, na London anaifanya mji mkuu wa Paris. Simama hapo. Kipimo alichokishika ni cha mwalimu, ndiyo maana hakimwambii kitu. Andika vitu vitano unavyojipimia wewe, na mbele ya kila kimoja, nani alikupa. Matokeo ya Fomu Foo, ndoa, nyumba ya matofali: utashangaa vingapi umekabidhiwa tu.

Sura ya 3 hadi ya 4 pita. Ya 5 ipe siku mbili.

Kiwavi kakaa juu ya uyoga, anavuta buruma, anauliza: wewe nani? Kwetu swali hili lina jibu tayari: mtoto wa fulani, wa Mkunazini, mamake mtu wa Makunduchi. Jibu zuri hilo, harusini. Humu halifai. Andika majibu kumi bila jina la mzee, mtaa, kazi wala mume. Kalamu hukwama kwenye la nne au la tano. Usifunge daftari, ngoja. Wengi hapo hukimbilia sifa, "mpole", "msikivu", ambazo ni maneno ya shangazi zao. Andika vitendo: nikiwa peke yangu hufanya nini, nini hunitoa machozi.

Uyoga nao usiupite mbio. Alisi ana inchi 3 tu wakati huo. Nyuma alishazidi futi 9, kichwa kikagonga dari. Hadi hapo vitu vya kukutana navyo njiani, kama chupa ya kinywaji na keki, ndivyo vilivyokuwa vikimgeuza kimo. Sasa ana kipande cha uyoga kinachorefusha mkono huu na kinachofupisha mkono ule, anamega kidogo huku, kidogo kule, mpaka anarudi kimo chake. Gawa ukurasa mara mbili: kinachonifinya, kinachonikuza. Ukiandika "familia" hujaandika kitu. Andika "ami akinikata kauli mbele ya wageni".

Kabla hajarudi kimo, shingo inarefuka na njiwa anamwita nyoka. Alisi anasema ni mtoto wa kike, lakini kwa wasiwasi, kwa vile amegeuka mara nyingi siku ile. Njiwa hamtazami Alisi. Anatazama mayai yake.

Karamu ya chai ya sura ya 7 ndiyo inayopendwa na watu. Icheke, uende zako.

Katika sura ya 8, mbele ya malkia wa kopa, Alisi anajisemea moyoni: hawa ni karata tu, niwaogope nini? Sura ya 11, barazani kwa hukumu, anaanza kurefuka bila kula chochote. Panya msinziaji aliyekaa karibu naye analalamika kuwa anabanwa, kwamba Alisi hana haki ya kukua pale, kisha ananuna na kuhamia upande wa pili. Sura ya 12 ndipo Alisi anapoyatamka kwa sauti yale ya moyoni, naye sasa ni mrefu kamili. Wanaoharibikiwa ni wanaoruka sura ya 11: wanatamka wakiwa bado inchi 3, kisha wanakilaumu kitabu.

Basi dada wa Wete, piga mstari sentensi ile ya sura ya 8, uhesabu kurasa mpaka inapotamkwa. Yako iandike ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa herufi ndogo.