Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Shingo ya Ganda la Risasi Hupasuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, fundi wa silaha mwenye leseni amenitengenezea bunduki ya kuwindia ambayo chemba yake, yaani sehemu ya mtutu inayopokea risasi, haifuati kipimo cha kiwanda chochote, na kwa hiyo maganda yake nayaunda mwenyewe kutokana na maganda ya risasi za kaliba ya .30-06, nikiyabana shingo hadi yapokee kichwa cha risasi cha milimita 6.5. Baadhi ya shingo hupasuka baada ya kufyatuliwa mara moja au mbili, na nyingine zimepasuka zikiwa zimejazwa na kuwekwa tu sandukuni. Mwenzangu ananishauri niyapashe moto kisha niyatumbukize majini ili yakakamae. Je, nimeuziwa shaba mbovu?

JIBU: Shaba yako huenda haina kosa lolote. Maganda hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, na madini haya yana tabia ya kukakamaa kila yanapobanwa au kutanuliwa yakiwa baridi. Wewe umeibana shingo, ukaitanua kwa kijiti cha dai (kifaa cha chuma cha kubania ganda lipate umbo), baruti ikaitanua tena, nawe ukaibana upya. Ikifika hapo haina unyumbufu uliobaki, na mfyatuo unaofuata huipasua kwa urefu.

Zile zilizopasuka sandukuni zina sababu inayokaribiana na hiyo. Shingo ngumu iliyoshika kichwa cha risasi hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo ukikutana na mvuke wa amonia, nyufa hujitokeza bila mtu kugusa kitu. Jeshi la Uingereza nchini India lilisumbuliwa na jambo hilo katika karne ya 19, risasi zilipohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi majira ya mvua, na chanzo, yaani amonia ya mkojo wa wanyama, kilielezwa kitaalamu mwaka 1921. Basi usisafishe maganda kwa dawa yenye amonia, hata kama inayang'arisha vizuri.

Ushauri wa mwenzako una nusu ya ukweli. Moto unahitajika, lakini kazi yake ni kulainisha. Maji hayakakamazi shaba kama yanavyokakamaza chuma cha kaboni, bali huzuia tu joto lisishuke hadi kitakoni. Chukua maganda matupu yasiyo na fataki (kiwashio cha baruti), yasimamishe katika sinia la maji yanayofika karibu nusu ya urefu wake, kisha zungusha mwale wa moto kwenye shingo na bega, yaani mteremko ulio chini ya shingo, kwa sekunde chache tu. Rangi maalumu ya kupimia joto inaaminika kuliko jicho, maana shingo ikishawaka nyekundu kabisa umepitiliza, na ganda hilo litakuwa laini mno hata lisishike kichwa cha risasi. Kitako kisiguswe na moto kwa hali yoyote: ndicho kinachozuia shinikizo ambalo katika jamii ya .30-06 hufikia takriban pauni 60,000 kwa inchi mraba, na kitako kilicholainishwa kinaweza kuachia gesi usoni mwa mpigaji. Mimi ningelainisha kabla ya kuanza kubana, kisha ningebana kwa dai mbili au tatu za kupokezana badala ya kulazimisha kipimo chote kwa mkupuo mmoja.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Unapopunguza shingo kutoka kichwa cha milimita 7.82 hadi 6.71 (kipenyo halisi cha kichwa kinachoitwa cha milimita 6.5), ukuta wake huwa mnene, kwa kuwa shaba haina pa kwenda. Pima kwa maikromita kipenyo cha nje cha shingo iliyoshika kichwa cha risasi, ulinganishe na kipimo cha chemba ulichopewa na fundi. Pasipokuwa na nafasi, shingo haiwezi kufunguka na shinikizo hupanda kwa kasi. Dawa yake ni kuikereza shingo kwa nje ili ukuta wake upungue unene.

SWALI: Maganda yangu ya kuunda yana mstari unaong'aa kuzunguka mwili, juu kidogo ya kitako. Nifanye nini?

JIBU: Chukua waya mwembamba, ukunje ncha yake kama ndoano, uupitishe ndani ya ganda ukikwaruza kutoka kitakoni kwenda juu. Ukihisi mfereji mahali penye mstari, ukuta umeanza kukatika; liponde ganda hilo ulitupe. Kwa kawaida chanzo ni dai iliyorudisha bega nyuma kupita kiasi, kwa hiyo ganda linacheza ndani ya chemba na kuvutwa kila linapofyatuliwa. Rekebisha dai irudishe bega si zaidi ya milimita 0.05 kutoka kipimo cha ganda lililofyatuliwa katika bunduki hiyohiyo. Na kwa kuwa mhuri wa kitako bado unasoma .30-06, andika kaliba halisi juu ya kila sanduku, na usichanganye risasi hizo na za bunduki nyingine.