Kwa nini zombi wa Minecraft haungui mbele ya baraza yako

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya sekondari, nakaa Wete. Nacheza gemu ya kompyuta ya Minecraft, toleo la Java, kwenye laptop ya kaka yangu. Nimejenga ufukweni karibu na kijiji, na nyumba yangu nimeitia baraza na upenu mpana kama ya bibi. Mienge nimeweka. Lakini siku nyingine usiku mazombi wanavunja mlango, siku nyingine hawavunji. Wanakijiji wameanza kugeuka mazombi. Na asubuhi jua limeshachomoza nawakuta wamesimama pale pale nje, hawaungui. Gemu imeharibika?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba. Gemu yako nzima kabisa. Mimi nasomesha vijana kuandika programu hapa mjini Unguja, na zombi huyu namtumia sana darasani kwa sababu hana akili hata chembe: ni masharti tu, moja juu ya jingine. Kwetu mtu akisikia zombi huwaza msukule, aliyechukuliwa akatumikishwa. Huyu hana bwana wala hakutumwa. Ukiyajua masharti yake umemjua yeye.

Nianze na jua, maana hapo ndipo ulipojitegea mwenyewe. Kukicha, programu inamuuliza kila zombi: juu ya kichwa chako kuna uwazi mpaka mbinguni? Uko majini, au mvua inanyesha? Umevaa kitu kichwani? Akiwa chini ya upenu, jawabu la swali la kwanza ni hapana, basi haungui. Ule upenu wa bibi unaowakinga watu na jua la saa saba unawakinga na wao vile vile. Aliyesimama majini pale ufukweni naye hashiki moto. Mwenye kofia ya vita pia husalimika, ila kofia inakwenda ikichakaa mpaka ivunjike, halafu zamu yake inafika. Asiye na kinga yoyote ana uhai wa alama 20, sawa na wewe, na moto humpunguza alama 1 kwa sekunde. Usimkimbilie wakati anawaka. Akikupiga anaweza kukuwasha na wewe.

Maji yana jambo jingine la kuangalia. Zombi akizama kichwa kizima kwa sekunde 30 huanza kutetemeka, na sekunde 15 baadaye anakuwa zombi wa majini, aina iliyoingia katika toleo la 1.13 mwaka 2018. Huyo anaogelea, na baadhi ya wale waliozaliwa majini tangu mwanzo wana mkuki wa meno matatu wanaourusha kutoka mbali. Kwa hiyo usichimbe handaki la maji la kina kirefu kuizunguka nyumba ukadhani umejilinda.

Sasa mienge. Unasema umeweka, lakini hukuniambia umeipanga vipi. Tangu toleo la 1.18, la mwaka 2021, zombi hazaliwi, yaani hatokezi, ila penye giza kamili, yaani mwanga wa daraja 0. Zamani hata daraja la 7 lilimtosha, ndiyo maana mafunzo ya zamani yanakwambia ujaze mienge kama harusini. Mwenge hutoa daraja la 14 na hupungua 1 kila bloku moja, yaani kile kipande cha mraba ambacho dunia ya gemu imejengwa nacho. Sikiliza hapa: mwanga hauendi mshazari, huhesabiwa hatua kwa hatua. Kona iliyo bloku 7 mbele na 7 kushoto ya mwenge iko hatua 14, basi ni giza tupu. Wanafunzi wangu wengi hukosea hapo hapo. Angalia kona za vyumba, nyuma ya kuta, na sakafu ya juu ikiwa hukuitia taa. Tena zombi hazaliwi ndani ya bloku 24 kutoka ulipo, kwa hiyo unapokaa ndani kona ile inaonekana salama. Ukienda machimboni, inazaa. Na akishakuwepo, anakuona kutoka bloku 35, wakati mifupa yenye upinde, adui mwingine wa usiku, inaishia 16.

Mlango ni rahisi. Unacheza gemu katika daraja gumu (Hard), nina hakika, kwani mlango wa mbao huvunjwa katika daraja hilo tu, na hata hapo ni baadhi ya mazombi wenye uwezo huo. Ndiyo sababu siku nyingine unasalimika. Weka mlango wa chuma wenye kitufe. Usitie kibao cha kukanyaga upande wa nje, kwa sababu zombi naye akikikanyaga mlango unamfungukia.

Wanakijiji ndio wanaoniuma zaidi. Katika daraja gumu, kila mwanakijiji anayeuawa na zombi anageuka zombi. La kawaida, nusu yao. Jepesi, hakuna anayegeuka, anakufa tu. Lakini aliyegeuka anatibika, usimuue. Mfungie mahali penye paa asije akaungua asubuhi, mrushie dawa ya udhaifu ya chupa ya kupasuka, kisha mpe tufaha la dhahabu. Atatetemeka dakika 3 mpaka 5, halafu anarudi mtu, na bei zake kwako zinashuka. Dawa hiyo inahitaji jicho la buibui lililochachushwa, basi buibui unaowaua usiku okota macho yao.

Mwisho, kagua mchanga wako. Kasa wakitaga ufukweni, mazombi huyafuata mayai na kuyakanyaga. Wewe ni mtu wa Pemba, na kisiwani Misali kasa wanapanda kutaga kweli. Yazungushie ua kabla jua halijazama.